Kwa nini katika tamthilia za siku hizi mtu hawezi kusema bila mwingine kuimba?

Mwana wa Mkomani (Lamu)

Assalaam alaykum, ndugu zangu.

Nina jambo linalonikera kwa muda sasa, nami ningependa kulisikia kutoka kwa wanaolijua kunishinda. Kila usiku baada ya sala ya Isha mimi na mama yangu huketi kutazama tamthilia za intaneti, zile za kulipia kwa mwezi. Mama ametimiza miaka 72. Kiingereza anakijua, alikisoma na akakifanyia kazi, ila masikio yamechoka kidogo na anahitaji mtu aseme kwa kituo. Akipotea mahali, mimi humwelekeza kwa maneno mawili matatu ya Kiamu na tunaendelea.

Utaratibu huo ulitufaa mpaka tulipoanza tamthilia moja ya upelelezi ambayo jina lake sitalitaja. Kuna mahali mwanamke anarudi nyumbani usiku, anavua viatu mlangoni, anaketi kwenye ngazi bila kuwasha taa, na mumewe, akiwa amesimama juu yake, anamwambia jambo kwa sauti ya chini. Jambo hilo ndilo linalobeba kipindi kizima. Papo hapo msichana anaanza kuimba kwa gitaa kwamba amebaki peke yake na nyumba imekuwa baridi. Mama akaniuliza, "Huyo anayeimba yuko chumba gani?" Nikamwambia kwamba hayumo nyumbani mle. "Basi na anyamaze, tusikie wenye nyumba." Nilicheka, lakini niliporudisha nyuma mara tatu na bado nikashindwa kupata maneno ya yule mume, kicheko kiliniisha.

Usiku uliofuata nilichukua kalamu na karatasi. Katika kipindi cha dakika 47 nilihesabu nyimbo saba zenye maneno, na nne kati ya hizo zilipigwa wakati watu wanazungumza. Muziki wa ala sikuuhesabu kwa sababu sina ugomvi nao. Fidla ikilia chini ya mazungumzo, mama hata haioni. Kinachomtatiza ni sauti ya mtu juu ya sauti ya mtu mwingine.

Ningependa kujua kwa nini watengenezaji wanafanya hivi, kwani sikumbuki tamthilia tulizotazama utotoni zikiwa hivi, na kama kuna lolote ninaloweza kufanya kwenye runinga yangu mwenyewe badala ya kukaa nimeshika rimoti usiku kucha.

Fundi wa Maweni (Malindi)

Wa alaykumu s-salaam, kaka. Kazi yangu ni kutengeneza runinga na redio, na mwisho wa wiki hurekodi sauti za harusi, kwa hiyo nitajibu upande wa masikio na kuwaachia wengine upande wa watengenezaji.

Mama yako ameligusa jambo lenyewe. Katika maneno tunayosema, irabu ndizo zenye nguvu ya sauti, lakini konsonanti ndizo zinazotenganisha maana. Tamka "paka", "taka" na "kaka": irabu ni zile zile, na tofauti yote imo katika mlipuko mdogo wa mwanzo ambao haufiki hata sehemu ya kumi ya sekunde. Mwimbaji naye kazi yake ni kuzivuta irabu. Akiivuta "a" kwa sekunde mbili, milipuko mingi ya msemaji hupita chini yake bila kusikika, na hapo ndipo mume wa tamthilia yako alipopotelea. Fidla pia inaweza kufunika ikiwa juu mno, ila haisemi, na kwa hiyo akili haijisumbui kuifuata. Sauti ya mtu anayetamka maneno, akili huifuata hata kama hutaki.

Mwaka 1953 mtafiti Colin Cherry aliwasikilizisha watu jumbe mbili kwa pamoja, zote zimesomwa na sauti moja, na wakazitenganisha kwa taabu kubwa. Alipoupeleka kila ujumbe katika sikio lake, taabu hiyo ikaondoka. Jambo hili linahusu runinga yako moja kwa moja. Wanaochanganya sauti za tamthilia hukaa katika chumba chenye spika tano na wufa. Mazungumzo huwekwa hasa katika spika ya kati, na wimbo hutandazwa kulia na kushoto. Kwao wao, kila sauti ina mahali pake na kila neno linasikika. Sauti hiyo hiyo ikifika kwenye runinga nyembamba yenye spika mbili ndogo zinazotazama chini au nyuma, yule wa kati na wale wa pembeni hurundikwa mahali pamoja, na mama yako hurudishwa kwenye jaribio la kwanza la Cherry, lile la taabu.

Basi fanya hivi. Fungua sehemu ya kuchagua lugha ya sauti, na kama kuna "5.1", yaani ile ya spika tano na wufa, na "stereo", chagua stereo, kwa kuwa hiyo imekwisha kupangwa kwa spika mbili na haiachii runinga kazi ya kubahatisha. Katika mipangilio ya runinga yenyewe tafuta kile kinachonyanyua mazungumzo, na uzime vile vinavyojidai kuizungusha sauti chumba kizima. Amazon ilianzisha Aprili 2023 kitu kinachoitwa Dialogue Boost kwa baadhi ya kazi zake, ambacho hunyanyua usemi bila kunyanyua muziki. Kama unalipia huduma hiyo, kijaribu.

Jambo la mwisho nalisema kwa kukisia, kwani sijaiona nyumba yenu. Ikiwa ni ya mawe ya zamani, chumba ni chembamba kwa kuwa boriti ya mkoko haiendi mbali, ni kirefu, dari iko juu na kuta ni chokaa ngumu. Sauti humo hugonga na kurudi, na konsonanti ndizo za kwanza kuharibika. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, husaidia kuivunja sauti, lakini si kila ukuta una zidaka. Tandikeni zulia, tundikeni pazia zito mkabala na runinga, na msiiegemeze runinga kwenye kona.

Katika harusi, nikitaka hotuba ya baba wa bibi harusi itoke safi katika rekodi, namwomba mwimbaji apumzike na kinanda kiendelee. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba harusi ilipoa.

Bi Mkubwa wa Langoni (Lamu)

Mwanangu, mimi mashine sizijui, lakini nyimbo nazijua, na nimetazama filamu za Kihindi tangu enzi za kutandikiwa kitambaa cheupe na mashine kunguruma nyuma yetu.

Filamu zile zilikuwa na nyimbo tele, tano, sita, nane, na wala hatukuchoka, kwa sababu wimbo ulikuwa na zamu yake. Watu wakizungumza, wanazungumza. Ukifika wakati wa kuimba, hadithi husimama, Lata Mangeshkar huimba mwanzo hadi mwisho, na mcheza filamu huchezesha midomo tu. Hakuna mtu anayemweleza mkewe siri ya kifo cha baba yake huku Lata anaimba. Tulitoka pale tumeshika nyimbo hizo kichwani bila kujua Kihindi, na Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa taarab, akayachukua mahadhi yake akayatia Kiswahili, watu wakaburudika mara ya pili.

Na taarab vile vile. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Amu, Mungu amrehemu, alikuwa akianza na udi peke yake, taratibu, anautafuta wimbo kwa vidole, nasi tumenyamaza. Kisha neno huja. Ubeti ukiisha, udi hujibu. Mwenye kuzungumza wakati wa ubeti alikuwa akikonyezwa, na asiposikia hukonyezwa kwa kiwiko. Sababu ni kwamba maneno ya wimbo kwetu yana uzito: huenda lile fumbo limetungwa kwa ajili ya mtu aliyeketi mkeka wa pili, na ukikosa neno moja umekosa habari ya mtaa mzima. Nimewahi kuona wake wawili wakikosana miezi mitatu kwa ubeti mmoja ambao mmoja wao, ukweli usemwe, hakuusikia vizuri.

Kwa hiyo kinachonishangaza si kwamba hawa wa leo wanaweka nyimbo nyingi. Ni kwamba wanalichukua shairi la mtu, lililotungwa kwa fikra, na kulitandika chini kama jamvi ili wengine wasimame juu yake na kuzungumza. Ama wimbo hauna maana, basi wameuweka wa nini, ama una maana, basi mbona wanasema juu yake? Hilo la msichana kuimba "nimebaki peke yangu" wakati tunamwona mwanamke ameketi peke yake gizani, hilo ni kumtafunia mtu chakula ambaye meno anayo.

Mfasiri (Malindi)

Shikamoo Bi Mkubwa, na salamu kwa wengine.

Nimefanya kazi ya kutafsiri maandishi ya chini ya filamu kwa miaka kadhaa, na naweza kuongeza kwamba wimbo wenye maneno hutusumbua hata sisi tunaosoma. Maandishi hayo kwa desturi hayazidi mistari miwili kwa wakati mmoja. Watu wakizungumza na mwimbaji akiimba kwa pamoja, nafasi hiyo hupewa mazungumzo, na maneno ya wimbo huandikwa tu ikiwa yanaihusu hadithi. Nani aamue kama yanaihusu? Mara nyingi ni mfasiri, usiku wa manane, bila mtu wa kumwuliza. Nimewahi kuacha wimbo nikidhani ni pambo, kisha katika kipindi cha sita mhusika akanukuu mstari wake, na mtazamaji wa Kiswahili akabaki hana habari.

Wapo wanaosema kwamba anayesoma haathiriki kwa sababu hategemei masikio. Si kweli. Mwaka 1989 Pierre Salamé na Alan Baddeley walionesha kwamba watu wanaojaribu kukumbuka tarakimu walizoziona kwa macho hukosea zaidi ukipigwa muziki wenye maneno kuliko ukipigwa muziki wa ala. Maandishi tuyasomayo hugeuzwa sauti ndani ya kichwa, na maneno yanayoimbwa hugombania chumba hicho hicho.

Kwenye kuingiza sauti za lugha nyingine hali ni ya kuchekesha zaidi. Kazi inayouzwa nje hutolewa sauti zake kwa mafungu: mazungumzo peke yake, na muziki pamoja na vishindo peke yake, ili anayeingiza lugha yake aondoe fungu la kwanza tu. Wimbo umo katika fungu la pili, kwa hiyo hubaki na lugha yake. Waitalia, ambao hapa Malindi tunao kama majirani, wana mazoea ya miaka mingi ya kuingiza Kiitalia katika kila kitu kinachotoka nje, na nimewahi kuketi na familia moja inayotazama tamthilia ya Kimarekani: wahusika wote wanasema Kiitalia fasaha, na juu yao mtu anaimba kwa Kiingereza habari ya mapenzi yasiyomhusu yeyote pale. Tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili na Azam TV nazo huleta nyimbo zake kwa Kituruki. Hizo angalau hunisumbua kidogo, pengine kwa kuwa mwimbaji hungojea watu watazamane kwa dakika nzima bila kusema neno, na Waturuki wana subira hiyo. Vipindi vyao kwao huzidi saa mbili.

Kijana wa Barani (Malindi)

Shikamooni wakubwa zangu. Naomba ruhusa ya kupingana nanyi kidogo, kwa sababu mimi nazipenda nyimbo hizo na nyingi kati ya zile ninazosikiliza nilizijulia huko huko.

Kwanza, jambo hili si geni. Miami Vice ilipoanza mwaka 1984, katika kipindi chake cha kwanza kabisa wapelelezi wawili wanapita mjini usiku kwa gari, na karibu hakuna kinachosemwa. Kinachosikika ni wimbo wa Phil Collins uliotoka mwaka 1981. Watu bado wanaikumbuka safari ile ya gari kuliko kesi yenyewe. Mwaka 2022 Stranger Things ilitumia wimbo wa Kate Bush wa mwaka 1985, na wimbo ule ukapanda mpaka nambari moja Uingereza baada ya miaka 37. Mle haukuwa pambo: ndio uliomrudisha msichana kutoka mahali pa kufa, nao rafiki zake ndio waliomwekea masikioni. Ukiuondoa, hadithi inaanguka.

Pili, mmeuliza kwa nini, na hakuna aliyegusa fedha. Kuweka wimbo uliokwisha kurekodiwa kunahitaji ruhusa mbili, moja ya mwenye utunzi na nyingine ya mwenye rekodi, na zamani gharama hiyo iliwazuia wengi. Tamthilia ya WKRP in Cincinnati, iliyohusu kituo cha redio, ilipotolewa kwenye DVD mwaka 2007 nyimbo zake nyingi zilibadilishwa kwa kukosa ruhusa. Siku hizi mambo yamegeuka. Bob Dylan aliuza tungo zake kwa kampuni ya Universal mwaka 2020, Bruce Springsteen akauza za kwake kwa Sony mwaka 2021, na wengine wengi wakafuata. Aliyetoa fedha nyingi kununua nyimbo hataki zilale kabatini. Anataka zifanye kazi, na tamthilia ni kazi nzuri. Mtengenezaji naye anapata wimbo ambao tayari unapendwa, na mtazamaji akiutafuta mtandaoni, tamthilia imejitangaza bure.

Nakubaliana nanyi kwamba wakati wa siri ya mume na mke haikuwa mahali pake. Lakini msitake tamthilia zote ziwe kama The Wire, ambayo tangu 2002 hadi 2008 ilikataa muziki wowote usiotoka katika redio au gari lililomo ndani ya hadithi, isipokuwa mwishoni mwa kila msimu. Ni kazi kubwa, naiheshimu, lakini nilipoitazama na wenzangu wawili walilala.

Bi Mkubwa wa Langoni (Lamu)

Marahaba, mjukuu wangu. Hiyo mifano yako miwili, ya gari na ya msichana, umeitaja wewe mwenyewe kuwa watu wamenyamaza katika mmoja, na katika wa pili wimbo anausikia mhusika. Sasa unapingana na nani?

Kijana wa Barani (Malindi)

Nimeshikwa, Bibi. Ila nabaki na nyimbo zangu.

Mfasiri (Malindi)

Nami naongeza moja kwa Mwana wa Mkomani, kabla sijasahau. Tangu Aprili 2025 Netflix wameanza kutoa maandishi ya mazungumzo pekee katika lugha ya asili, bila maelezo ya vishindo, kwenye baadhi ya kazi zao mpya. Kwa mtu anayesikia kidogo na kusoma kidogo yanapumzisha macho. Yajaribu kama macho ya mama yanaruhusu.

Mwana wa Mkomani (Lamu)

Nawashukuru nyote, na samahani kwa kukawia. Stima ilipotea siku mbili.

Nyumba yetu ni ya mawe kama alivyokisia Fundi, na runinga ilikuwa kwenye kona. Nimeitoa, nimetundika pazia la zamani la mlango mkabala nayo, na nimebadilisha sauti kuwa stereo. Tofauti ipo, nami sitaki kuikuza: mazungumzo ya kawaida sasa mama anayapata bila kuniuliza, lakini wimbo ukiingia bado tunapoteza neno hapa na pale. Ile njia ya kunyanyua mazungumzo katika runinga yetu iliwafanya watu wote wasikike kama wanaosema kwa simu, mama akaikataa. Maandishi yametusaidia zaidi ya yote, ingawa yeye huyasoma kwa sauti, na hapo tumepata msemaji wa tatu.

Tulirudi kwenye kile kipindi cha ngazi. Safari hii nililisikia neno la mume, tena vizuri: "Mimi ndiye niliyewaita polisi." Nikamgeukia mama nimtafsirie. Akanambia hilo alilijua tangu usiku ule wa kwanza, kwa namna yule bwana alivyokuwa akikwepa kumtazama mkewe, na kwamba yeye alichotaka kujua ni kama mke alimjibu.

Alimjibu, lakini jibu lake ndilo lililoangukia kwenye kiitikio. Nimerudisha nyuma mara nne na hata maandishi hapo yameweka alama ya noti tu. Mfasiri, kama uliwahi kuipitia tamthilia ya namna hii, nitakutumia jina lake faraghani.